Kodi Umelipa, Bati Linavuja: Mwongozo kwa Mpangaji

Mpangaji wa Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya ana nguvu mara moja kila miezi sita: siku ambayo kodi bado iko mfukoni mwake. Ikishaingia kwenye simu ya mwenye nyumba, kila ombi, liwe la bati, la bomba au la kitasa, linageuka kuwa la kubembeleza. Kwa hiyo mengi yaliyomo humu ni ya kufanya kabla ya siku hiyo, au siku hiyo hiyo.

Kwanza tuweke sawa jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Mpangaji akipandishiwa kodi hukimbilia ofisi ya serikali ya mtaa akiamini kuna bei iliyopangwa mahali fulani. Choo kikifurika huguna tu na kusema ndizo nyumba za kupanga. Sheria ya Tanzania Bara imekaa karibu kinyume cha hapo. Udhibiti wa kodi uliokuwepo chini ya sheria ya mwaka 1984 ulifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni maelewano yako na mwenye nyumba. Hali ya nyumba haikuachwa hivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, inaingiza masharti ndani ya kila upangaji hata kama hamkuyaandika, hata kama mlikubaliana kwa mdomo mmesimama uani. Kwenye bei una ulimi wako tu; kwenye bati una sheria.

(Ardhi si jambo la Muungano. Aliye Unguja au Pemba ana sheria zake na vyombo vyake. Haya ni ya Bara.)

Kabla fedha haijatoka

Nenda ukaione nyumba mvua ikinyesha, au kesho yake. Dalali atapenda kukupeleka saa nne asubuhi jua likiwaka, na chumba kitakuwa kimepakwa rangi jana. Rangi mpya darini ni jambo la kuuliza, si la kusifia. Tazama pembe za siling bodi, gusa ukuta wa chini upande wa bafuni, fungua bomba, mwaga ndoo ya maji chooni na usubiri uone yanakwendaje. Halafu, dalali akiwa ameenda pembeni kupiga simu, muulize mpangaji wa chumba cha jirani maji hutoka siku ngapi kwa wiki na shimo lilinyonywa lini mara ya mwisho. Huyo hana kamisheni kwenye jambo hili.

Ujue pia unamlipa nani. Anayejiita mwenye nyumba anaweza kuwa mdogo wa mwenye nyumba aliyefariki, mlinzi wa kiwanja, au mpangaji mkubwa anayepangisha vyumba vya nyuma bila ruhusa. Omba kuona hati, leseni ya makazi au hata mkataba wa mauziano, na jina ulilinganishe na kitambulisho. Nyumba ikiwa ya urithi, anayestahili kupokea kodi ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ana barua ya kuonyesha. Ukiona ndugu wawili kila mmoja anataka umtumie yeye, usitume kwa yeyote mpaka barua ionekane. Mjumbe wa eneo hilo anajua historia ya kila nyumba. Dakika kumi kwake zinaweza kukuokolea kodi ya nusu mwaka.

Kuhusu miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo: hiyo ni desturi ya soko, si agizo la sheria. Unaweza kuomba mitatu. Wengi hukataliwa, lakini mwenye nyumba ambaye chumba chake kimekaa wazi tangu mwezi uliopita husikiliza kuliko dalali anavyokuambia, hasa ukizungumza naye mwenyewe.

Mkataba sasa. Upangaji wa mwaka mmoja au pungufu unaruhusiwa kisheria kuwa wa mdomo. Tatizo la mdomo si uhalali, ni ushahidi. Andika. Ile fomu inayouzwa kwenye maduka ya steshenari inatosha kuanzia, ila isome mpaka chini, kwa sababu nyingi zina sentensi moja iliyojificha katikati inayosema mpangaji atagharamia matengenezo yote. Usiisaini hivyo. Ikate kwa kalamu, nyote wawili mtie sahihi pembeni ya mkato, na mahali pake muandike kwa maneno yenu nani atatengeneza nini. Ongeza mistari mingine mitatu: kodi haitabadilika hadi tarehe fulani, anayetaka kubadilisha bei au kuondoka atatoa taarifa ya maandishi ya miezi miwili, na amana, kama ipo, ni kiasi gani na itarudishwa lini. Kila mmoja awe na shahidi wake. Muhuri wa serikali ya mtaa unasaidia kuthibitisha kwamba mlikuwepo na mlikubaliana, basi. Hauufanyi mkataba mbaya kuwa mzuri. Jambo lingine ambalo watu hulijua wakiwa tayari mbele ya baraza la ardhi ni ushuru wa stempu wa TRA. Mkataba usiolipiwa ushuru huo unaweza kukataliwa kupokelewa kama ushahidi hadi ulipiwe pamoja na faini.

Siku ya kuingia, kabla ya kupanga kitanda, rekodi video ya chumba kizima, mlango kwa mlango, soketi kwa soketi, pamoja na namba inayosomeka kwenye mita. Mtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyo hiyo na salamu fupi. Simu itatunza tarehe.

Bati, ukuta, mfereji

Masharti ya mwenye nyumba yamo katika kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi kwa toleo la mwaka 2019. Toleo jipya la sheria zote, la mwaka 2023, lilianza kutumika Julai 2025, na namba za vifungu huhama toleo linapobadilika, kwa hiyo ukiandika barua rasmi hakiki namba kwanza. Kiini chake ni hiki. Akikupangisha nyumba, fleti au hata chumba kimoja, kinatakiwa kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku unayoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Akikupangisha sehemu tu ya jengo, yaani hali ya wengi wetu wa chumba na sebule, basi paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu, na sehemu zinazotumiwa na wote, kama korido na vifaa vya pamoja, ni juu yake kuvitunza. Na ukilipa kodi na kutimiza masharti yako, akuache ukae kwa amani. Kuingia chumbani kwako na ufunguo wa akiba wakati uko kazini si kukuacha kwa amani, hata kama nyumba aliijenga kwa jasho lake.

Kwa lugha ya uani: bati linalovuja ni lake. Ukuta uliopasuka ni wake. Nyaya za umeme zilizochakaa ukutani ni zake. Bomba kuu lililopasuka ni lake. Balbu, mpira wa koki, kioo kilichovunjwa na mpira wa mwanao, na kitasa ulichokivunja usiku uliposahau funguo ni vyako. Uchakavu wa kawaida, kama rangi kufifia au sakafu kulika mbele ya mlango, si deni lako unapohama.

Choo cha pamoja ndicho kinachogombanisha watu kuliko bati. Shimo likijaa kwa sababu watu kumi na wawili wanalitumia, mazoea ya mitaa mingi ni wapangaji kuchangia gari la kunyonya, na sioni ubaya wa mazoea hayo mradi mwenye nyumba anayeishi hapo hapo naye achangie kwa idadi ya watu wake. Shimo likibomoka, au likijaa kila baada ya wiki chache kwa kuwa lilichimbwa fupi tangu mwanzo, hilo ni jengo lake na ni gharama yake. Tofauti hiyo iandikeni kwenye mkataba, maana sababu za kugombana hazikosekani.

Kuna sharti lingine ambalo watu wa Jangwani na kando ya Bonde la Msimbazi wangefaidika nalo zaidi kama lingejulikana. Nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wako, ikawa haikaliki yote au sehemu yake, kodi husimama kwa kiwango cha uharibifu huo mpaka ikalike tena. Kwa kuwa huku kwetu kodi imeshalipwa mbele, maana yake ni kwamba siku ulizolala kwa shemeji yako Tabata zinatakiwa zisogezwe mbele au zirudishwe. Mwenye nyumba hatalitaja jambo hilo. Liandike wewe, kwa tarehe: maji yaliingia lini, ulitoka lini, ulirudi lini.

Namna ya kuomba matengenezo

Mwanzo ni kuzungumza, na kuzungumza kwa adabu. Mama mwenye nyumba mara nyingi ni mtu mzima anayeishi chumba cha mbele, na kodi zenu ndiyo pensheni yake. Kumwendea na vifungu vya sheria siku ya kwanza ni kumfanya aanze kukutafutia sababu ya kukutoa. Lakini baada ya kuzungumza, siku hiyo hiyo, tuma ujumbe unaorudia mliyozungumza. Ujumbe mzuri unafanana na huu:

“Shikamoo mama. Ni mimi mpangaji wako wa chumba cha uani. Kama nilivyokueleza jioni, tangu mvua ya Jumapili bati la juu ya kitanda linavuja na maji yanafika kwenye soketi. Picha nimekutumia. Fundi amesema zinatakiwa bati mbili, pamoja na ufundi ni shilingi 95,000. Naomba lifanyike kabla ya Jumamosi. Kama utapenda nilisimamie mimi, naomba unijibu hapa kwamba fedha hiyo itakatwa kwenye kodi ijayo.”

Angalia ulivyobeba mambo: tatizo limeanza lini, hatari ni ipi, gharama ni kiasi gani, siku ya mwisho ni ipi, na jibu linatakiwa kwa maandishi. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mpangaji anayetengeneza kwanza na kudai baadaye huambiwa alijitolea mwenyewe. Bila kibali kilichoandikwa, usikate hata shilingi kwenye kodi, kwa kuwa utakuwa umegeuka kutoka mdai kuwa mdaiwa, na kesi yako nzuri ya bati itageuka kesi yake nzuri ya malimbikizo. Ukipata kibali, fundi akupe risiti, na bati la zamani lipigwe picha kabla halijauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Asipojibu, andika barua ya karatasi, mpe mkononi mbele ya shahidi, na nakala yako aisaini kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, shahidi aandike hivyo na tarehe. Wapangaji wote wa nyumba wakisaini barua moja inakuwa na uzito tofauti kabisa, na hakuna mmoja atakayeonekana mchochezi.

Kodi ikipanda

Muda mliokubaliana ukiwa haujaisha, hawezi kupandisha peke yake. Mkataba unasema 100,000 hadi Desemba. Septemba akija na habari za bei ya saruji, jibu ni kwamba mtazungumza Desemba. Muda ukiisha, ana uhuru wa kutaja bei yoyote na wewe una uhuru wa kukataa na kuhama. Mkiendelea bila mkataba mpya, wewe unalipa na yeye anapokea, mnahesabika kuwa na upangaji wa vipindi, na kipindi ni kile mnacholipia kodi. Anayetaka kuuvunja anatakiwa kutoa taarifa isiyopungua kipindi hicho. Kwa mlipaji wa kila mwezi, “hamia kwenu Jumamosi” si taarifa.

Bei ikiwa mikononi mwenu wawili, jifunze hesabu yake na si yako tu. Anataka kupandisha kutoka 100,000 hadi 130,000. Kwako hiyo ni 180,000 zaidi kwa miezi sita. Kuhama nako kuna dalali anayetaka kodi ya mwezi mmoja, kirikuu ya kubebea vyombo, na mapazia yasiyoenea kwenye madirisha mapya. Kwake, chumba kikikaa wazi mwezi mmoja tu amepoteza 130,000, yaani ongezeko la zaidi ya miezi minne. Mpangaji anayelipa kwa wakati na hana ugomvi uani ana bei yake, na mwenye nyumba anaijua. Omba ongezeko liwe 15,000 sasa na 15,000 mwakani. Au ukubali 130,000 yote kwa sharti la bati kutengenezwa kwanza na bei kukaa mwaka mzima. Mimi ningechagua hili la pili: fedha ambayo ungeilipa vyovyote vile inakununulia matengenezo.

Ipo pia kodi inayopanda bila kutajwa, kupitia LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kufika 1,500 mwaka 2023. Hilo ni deni la mwenye jengo. Ukinunua umeme wewe, unamlipia yeye 18,000 kwa mwaka, na una haki ya kuomba ikatwe kwenye pango; tunza jumbe za manunuzi. Umeme wenyewe nao una mtego. Mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, yupo kwenye kundi la bei nafuu. Vyumba sita vikishika mita moja, nyote mmeshatoka humo, ingawa kila mmoja ana balbu mbili na redio. Kabla ya kushangilia chumba cha bei rahisi, uliza mita ni ya wangapi na sabumita anaisoma nani.

Pa kwenda

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe ni wapatanishi na mashahidi wazuri. Hawana mamlaka ya kuamuru utolewe wala ya kupanga kodi. Kwa choo kinachotiririka uani, maji machafu au nyumba inayotishia afya, muone afisa afya wa kata, yule tuliyezoea kumwita bwana afya. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na sheria ndogo za halmashauri zinampa meno ambayo mwenyekiti hana, na mara nyingi ziara yake moja hufanya kazi ya barua tatu.

Mgogoro wenyewe huanzia Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa linakupa cheti cha kwamba limeshindwa, na siku 30 zikipita bila usuluhishi unaweza kwenda mbele bila cheti. Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila kama unachodai ni fedha tupu, mathalani amana yako, uliza kwanza ni chombo gani kina mamlaka, kwa kuwa mashauri yamewahi kutupwa kwa kufunguliwa mahali pasipo pake na mtu akaanza upya na ada mpya.

Wa kumuuliza yupo na halipwi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza kwa walio karibu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mashirika ya TAWLA na WLAC hutoa ushauri bure kwa wasio na uwezo. Mwishoni mwa Januari, kwenye Wiki ya Sheria, mahakama hutoka na mahema kutoa elimu na ushauri. Foleni ni ndefu lakini unaonana na mwanasheria ana kwa ana. Nenda na mkataba, jumbe za malipo ya simu, picha zenye tarehe na barua ulizoandika. Usiende na hadithi peke yake.

Akibadilisha kitasa, akang'oa mlango au akatupa vyombo nje, usipigane. Piga picha, ita mjumbe, halafu nenda polisi. Wakikuambia suala la kodi ni la madai, wako sahihi kwa sehemu hiyo. Vitisho, kipigo na vyombo vilivyopotea ni jinai, na kwa hayo usiondoke bila namba ya RB. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linaweza kuombwa zuio wakati shauri linaendelea.

Kabla ya kufungua shauri, pima jambo moja ambalo hakuna hema la Wiki ya Sheria litakaloliondoa: hakuna anayemlazimisha mwenye nyumba kukuongezea mkataba muda ukiisha. Unaweza kushinda bati lako na kuambiwa Januari kwamba mwanawe anaoa, chumba kinahitajika. Kama mkataba una miezi kumi mbele, dai. Kama umebaki na miwili, mwambie dalali aanze kutafuta wiki hiyo hiyo unayopeleka barua, na madai ya fedha uyaendeleze ukiwa umeshahamia kwingine.